Uvimbe, majimaji au maumivu kwenye titi: kipimo kipi kianze na kipi kifuate

Mtu akipapasa titi akakuta kitu ambacho hakikuwepo, swali lake la kwanza huwa "nikapige picha wapi?" Kabla ya wapi, kuna picha ipi. Kinachochagua kipimo ni mambo mawili: dalili yenyewe na umri wa mwenye titi. Mashine iliyo karibu na nyumbani haichagui, wala bei, wala ofa ya kupima mwili mzima. Msichana wa miaka 24 akianzishiwa mamogramu (eksirei ya titi), na mama wa miaka 52 akaishia kwenye utrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) peke yake, wote wawili wamelipia picha inayoweza kuupita ugonjwa bila kuuona.

Maelezo haya ni ya mwenye dalili na ya mhudumu anayemjazia fomu ya kipimo. Hayachukui nafasi ya uchunguzi wa mikono. Picha ya titi husomwa kwa kulinganishwa na kilichopapaswa, na asiyejua kilichopapaswa husoma nusu tu.

Sema mapema kwamba una dalili

Ipo mamogramu ya kumpima mtu asiye na dalili yoyote, na ipo ya kutafuta jibu la dalili. Mashine ni ile ile, kazi ni mbili. Ile ya kwanza hupigwa picha nne, mbili kila titi, moja kutoka juu na moja ya mshazari, kisha mtu anaenda zake na daktari anasoma baadaye. Ile ya pili husomwa mgonjwa akiwa bado yupo: daktari wa radiolojia anaagiza picha za ziada palepale, na ikiwezekana utrasaundi siku hiyo hiyo. Mwenye uvimbe akijiunga na foleni ya kambi ya upimaji ya Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, bila kusema kitu, anaweza kurudi nyumbani na karatasi yenye neno "kawaida" ilhali hakuna aliyepatazama pale anapopagusa yeye kila asubuhi akioga.

Fomu inayosema "mamogramu, uvimbe wa titi" haimsaidii msomaji. Iandike titi la kulia au la kushoto, mahali ulipo uvimbe, umbali wake kutoka kwenye chuchu kwa sentimita, ukubwa, umekaa muda gani, umri, kama mgonjwa ana mimba au ananyonyesha, kama amewahi kuchomwa sindano au kupasuliwa titi hilo, na kama mama, dada au binti yake amewahi kupata saratani ya titi au ya ovari.

Kwenye mahali ulipo uvimbe, Kiswahili chetu kina mtego. Hospitalini titi huchorwa kama uso wa saa ya ukutani, ukimtazama mgonjwa ana kwa ana: 12 ni juu, 6 ni chini. Namba 10 ya titi la kulia ni juu, upande wa kwapa. Lakini mshale ukiwa kwenye 10 sisi tunasema saa nne. Mhudumu mmoja akitamka "uko saa nne", mwenzake akaandika 4, uvimbe umehama kutoka juu kwapani hadi chini katikati ya kifua. Hesabu yetu ya saa imepishana na namba za kwenye uso wa saa kwa saa sita kamili, na saa sita ni nusu ya duara. Kwa hiyo kosa hili kila likitokea huupeleka uvimbe upande wa pili kabisa wa chuchu, na daktari anatafuta pasipo na kitu. Dawa yake ni kutotumia neno "saa" hapo. Tamka "namba 10", na uchore duara lenye nukta kwenye fomu. Mgonjwa naye, kabla kipimo hakijaanza, aguse mahali penyewe kwa ncha ya kidole kimoja. Kwenye mamogramu mpiga picha abandike kidoti kidogo cha chuma juu ya uvimbe, ili msomaji aone kwenye picha kwamba ni hapa.

Umri unavyogawa njia

Titi la kijana limejaa tezi. Kwenye mamogramu tezi hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Mafuta peke yake ndiyo yanayotoka meusi. Kutafuta cheupe ndani ya cheupe ni kazi ngumu kwa jicho la yeyote. Umri ukienda, kwa walio wengi tezi hupungua, mafuta yanachukua nafasi, na uvimbe unajitokeza. Kwenye utrasaundi mambo ni kinyume: tezi huelekea kung'aa, na uvimbe mwingi hutoka mweusi kuliko kilichouzunguka.

Ndiyo maana mwenye uvimbe aliye chini ya miaka 30 huanza na utrasaundi. Kwa umri huo uvimbe mwingi si saratani, na mara nyingi utrasaundi pekee hutosha kutoa jibu. Ikionyesha kitu cha kutiliwa shaka, mamogramu inafuata hata kama ana miaka 22.

Wa miaka 30 hadi 39 anaweza kuanza na chochote kati ya viwili hivyo. Penye uvimbe unaopapasika, kuanza na utrasaundi ni busara, kisha mamogramu ikiwa utrasaundi ina shaka, haielezi kilichopapaswa, au familia ina historia ya saratani.

Kuanzia miaka 40, mamogramu ya matiti yote mawili inatangulia, na utrasaundi ya mahali penye dalili inafuata. Vyote viwili vinahitajika kwa sababu kila kimoja kina upofu wake. Utrasaundi haioni vizuri chembechembe ndogo za chokaa, ambazo wakati mwingine ndiyo alama pekee ya saratani ya mapema, na mamogramu huficha uvimbe kwenye titi lenye tezi nyingi. Utrasaundi huachwa tu pale mamogramu imeonyesha wazi, mahali hapohapo, kitu kisicho na madhara kwa hakika, kwa mfano uvimbe wa mafuta matupu.

Mjamzito na anayenyonyesha huanza na utrasaundi. Mamogramu haikukatazwa kwao. Mionzi inayomfikia mtoto tumboni ni kidogo mno, na daktari akiona shaka isicheleweshwe. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue mara tu kabla ya picha, titi lipungue maziwa, na hana sababu ya kumwachisha mtoto. Kwa hawa hatari kubwa ni maneno "ni maziwa tu yameganda". Maziwa yaliyoganda huachia baada ya siku chache za kukamua na kunyonyesha. Uvimbe uliofikisha wiki mbili bila kupungua upigwe picha, hata kama mtoto ana mwezi mmoja.

Wanaume nao hupata saratani ya titi. Uvimbe laini, ulio sawasawa nyuma ya chuchu, hasa kwa kijana au anayetumia dawa zinazojulikana kukuza titi, kwa kawaida hautaki picha. Ukiwa mgumu, umekaa pembeni ya chuchu, au chuchu inatoa damu, aliye chini ya miaka 25 aanze na utrasaundi, na wa miaka 25 na kuendelea aanze na mamogramu.

Dalili zisizo uvimbe

Majimaji ya chuchu yanatisha watu wengi bila sababu, na pia yanapuuzwa na wengi penye sababu. Angalia mambo matatu: yanatoka yenyewe au mpaka ubane, yanatoka titi moja au yote mawili, na yanatoka kitundu kimoja au vingi. Yanayotoka yenyewe, titi moja, kitundu kimoja, yakiwa ya damu au yasiyo na rangi kama maji safi, yanahitaji picha: mamogramu na utrasaundi kwa wa miaka 40 na zaidi, utrasaundi kwanza kwa walio chini ya 30. Wa katikati huanza na chochote kati ya hivyo viwili. Yakiwa ya kijani au manjano, yanatoka matiti yote na kwa kubanwa tu, picha hazina la kuongeza. Acha kubana, maana kubana kila siku "kuangalia kama yameisha" ndiko kunakoyaendeleza. Mtu asiyenyonyesha akitoa maziwa matiti yote mawili, kinachotakiwa kwanza ni kipimo cha mimba na damu, kuangalia homoni.

Maumivu yanayokuja kabla ya hedhi, yametanda matiti yote, hayahitaji picha. Yakikaa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa kidole, na hayafuati hedhi, utrasaundi ya sehemu hiyo inafaa, pamoja na mamogramu kwa aliyefika miaka 40.

Titi likiwa jekundu na la moto kwa anayenyonyesha, dawa huanza kwa uchunguzi wa mikono. Asipopata nafuu ndani ya siku 2 hadi 3, utrasaundi itafute usaha, kwa sababu jipu lisipotolewa usaha haliponi kwa vidonge tu. Lakini wekundu wa mtu asiyenyonyesha, au ngozi iliyovimba yenye vishimo kama ganda la chungwa, au "maambukizi" yaliyokataa dawa kwa wiki moja au mbili, hayo yapigwe mamogramu na utrasaundi na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara (biopsi), ngozi ikiwemo. Kubadilisha antibiotiki ya tatu na ya nne ndiko kunakompotezea muda mgonjwa mwenye saratani inayojifanya maambukizi.

Tezi ya kwapa iliyovimba upande mmoja huanza na utrasaundi ya kwapa na titi, na mamogramu kwa wa miaka 40 na zaidi. Zikivimba kwapa zote mbili, fikiria pia VVU, kifua kikuu na magonjwa mengine ya mwili mzima kabla ya kulaumu titi.

Ukiitwa tena baada ya mamogramu

Wengi wanaoitwa warudi hawana saratani. Wameitwa kwa sababu picha nne hazikutosha. Picha ya ziada inachaguliwa kwa kilichoonekana. Kivuli kilicho upande mmoja tu hupigwa picha ya kubana sehemu ndogo, au mamogramu ya 3D, kuona kama ni tezi zilizolaliana. Kama ni tezi, kivuli kinatawanyika. Kikibaki na umbo lake, utrasaundi inafuata.

Chembechembe za chokaa zinataka picha za kukuza, moja kutoka juu na moja ya pembeni kabisa, nyuzi 90. Hiyo ya pembeni ina kazi maalumu: chokaa inayoelea ndani ya vijifuko vya maji hutuama chini, na kwenye picha ya pembeni inaonekana kama hilali changa. Ikituama hivyo, kesi imeisha, haina madhara. Chokaa ya kutiliwa shaka haituami. Imejipanga kwenye mstari au kukusanyika, yenye maumbo yasiyolingana. Usikubali utrasaundi iwe mbadala wa picha hizi. Utrasaundi "safi" haifuti chokaa iliyoonekana kwenye mamogramu.

Siku ya kipimo

Kwa mamogramu usipake deodoranti, poda wala losheni kwapani na kwenye matiti. Deodoranti nyingi zina aluminiamu, nayo kwenye picha hufanana na chembe za chokaa. Wiki moja baada ya hedhi titi haliumi sana likibanwa, ila mwenye uvimbe asisubiri tarehe hiyo. Kubanwa ni kwa sekunde chache, na kuna maana: titi likitandazwa tezi zinaachana, mionzi inayohitajika inapungua, na picha haitikisiki. Mionzi ya mamogramu nzima ni milisiveti 0.4 hivi, karibu na ile mtu anayoipata kutoka kwenye mazingira kwa wiki 7. Beba picha za zamani, si ripoti peke yake. Uvimbe usiobadilika kwa miaka mitatu na uvimbe mpya husomwa tofauti kabisa hata kama unafanana.

Kwenye utrasaundi kosa kubwa liko kwenye kifaa anachokishika mpimaji. Kile chenye uso uliopinda, cha kutazamia mimba, kwa kawaida hutumia megahezi 2 hadi 5: kinapenya mbali lakini hakichambui vitu vilivyo karibu na ngozi. Titi linataka kifaa chenye uso ulionyooka, megahezi 10 au zaidi. Ukilala ukaona jeli inapakwa na kifaa kilichopinda kinashushwa titini, uliza kwa adabu kama kipo kilichonyooka. Kama hakipo, omba rufaa; picha hiyo haitaaminika hata ikisema ni salama.

Ulale chali, umegeuka kidogo, mkono wa upande huo juu ya kichwa, na mto mdogo chini ya bega ili titi lijitandaze juu ya mbavu. Mpimaji aupitie uvimbe kwa pande mbili zinazokatana, apime urefu, upana na kina kwa milimita, kisha aangalie kwapa. Kijifuko cha maji kitupu hutoka cheusi tii, ukuta mwembamba, na nyuma yake pameng'aa. Hicho hakina madhara, na hutolewa maji kwa sindano ikiwa kinauma tu. Kikiwa na nyama ndani au ukuta mnene, kichukuliwe kinyama. Uvimbe wa kawaida wa vijana, fibroadenoma, una umbo la yai lililolala sambamba na ngozi, kingo safi. Uliosimama wima, wenye kingo za miiba na kivuli cheusi nyuma, ni wa kutiliwa shaka.

Kusoma namba kwenye ripoti

Ripoti nzuri inaishia na namba ya BI-RADS, mfumo wa kupanga picha za titi kwa kiwango cha shaka ya saratani. Namba 0 si jibu, ni kazi isiyokwisha: picha zaidi zinahitajika, au za zamani ziletwe. Namba 1 ni kawaida na 2 ni kitu kisicho na madhara. Namba 3 ina uwezekano wa saratani usiozidi asilimia 2, na hufuatiliwa kwa picha baada ya miezi 6, 12 na 24. Namba 4 ni kuchukua kinyama, nayo ni pana mno, kutoka zaidi ya asilimia 2 hadi chini ya 95, kwa hiyo inagawanywa: 4A hadi asilimia 10, 4B hadi 50, 4C juu ya hapo. Namba 5 ni asilimia 95 au zaidi. Namba 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa.

Kuhusu namba 3, ufuatiliaji una maana kwa anayeweza kurudi. Kwa anayekaa mbali, au asiye na uhakika wa nauli na bima miezi 6 ijayo, kuchukua kinyama leo ni uamuzi mzuri zaidi kuliko tarehe ambayo haitatimizwa.

Kubwa kuliko yote hapa: picha safi haifuti uvimbe unaopapasika. Mamogramu na utrasaundi zikiwa safi lakini mkono wa daktari bado unakuta kitu kigumu chenye shaka, kichukuliwe kinyama. Zipo saratani, hasa zile zinazoanzia kwenye vitezi vya maziwa, ambazo hutambaa bila kutengeneza donge la kuonekana.

MRI na mashine nyingine

MRI, picha ya sumaku, ina uwezo mkubwa wa kuona, na ndiyo tatizo lake inapotumiwa mwanzo: inaona pia mengi yasiyo ugonjwa na kuzaa sindano za bure. Haipaswi kuwa kipimo cha kwanza cha uvimbe. Nafasi yake ni majimaji ya damu ambayo mamogramu na utrasaundi vimeshindwa kuyaeleza, saratani iliyokutwa kwapani bila chanzo kuonekana titini, kupima ueneaji wa saratani iliyothibitishwa, na wenye hatari kubwa ya kurithi. Lazima iwe na gadolini, dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani na kutolewa na figo, isipokuwa kama kinachotafutwa ni kupasuka kwa titi la bandia, kwa hiyo figo ziulizwe kwanza. Kwa anayepata hedhi na asiye na haraka, siku ya 7 hadi ya 14 ya mzunguko hutoa picha safi zaidi.

CT, eksirei ya tabaka tabaka, haichambui vizuri uvimbe wa titi. Kamera za joto, zinazotangazwa kuwa hazina mionzi wala maumivu, zisitumike kabisa kwa uamuzi huu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya wazi kwamba hazichukui nafasi ya mamogramu.

Picha kwanza, sindano baadaye

Sindano ikitangulia, damu inavilia ndani na kuchafua picha kwa wiki kadhaa. Kukata uvimbe wote "tuone ni nini" ni vibaya zaidi: kama ni saratani, mipaka yake imevurugwa kabla haijajulikana. Kinachoonekana kwenye utrasaundi kichukuliwe kwa kuongozwa na utrasaundi, ndiyo njia rahisi. Chokaa inayoonekana kwenye mamogramu tu iongozwe na mamogramu. Omba sindano nene ya kukata kinyama, kwa kawaida geji 14, badala ya ile nyembamba inayonyonya seli. Kinyama kizima ndicho kinachoonyesha kama saratani imevamia, na ndicho kinachopimwa vizuri vipokezi vya homoni na HER2 (protini zilizo kwenye seli za saratani), vinavyochagua dawa.

Kinyama kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikiachwa kwenye maji ya chumvi, au kwenye chupa kwa wiki nzima kikisubiri gari la maabara, vipokezi vinaweza kusomeka "hakuna" ilhali vipo, na mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza 2021, linataka jibu kamili lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Hesabu siku zako kuanzia siku hiyo ya kwanza, na uwakumbushe wahudumu.

Jibu la kinyama likirudi, liwekwe kando ya picha na mtu aliyesoma zote mbili. Picha ikisema 5 na kinyama kikasema hakuna saratani, kuna uwezekano mkubwa sindano ilipita pembeni. Hapo irudiwe, na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani na karatasi hiyo moja.